Mpwa Wangu Amenirudishia Skafu ya Skauti

Mpendwa mshauri,

Nakuomba msaada, na nakuomba radhi mapema kama barua itakuwa ndefu, maana nimeianza mara kadhaa nikaichana, na leo nimejiambia liwe liwalo naandika mpaka mwisho, kwa sababu nimechoka mshauri, nimechoka ile ya mtu kukaa kitandani na kiatu kimoja mguuni akasahau kwamba alikuwa anavua viatu.

Mimi ni fundi seremala, watu wananiita Msumeno, na kila Jumamosi mchana naweka randa chini, nafunga karakana, naenda kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani kuwafundisha vijana wa skauti, kazi ya kujitolea ambayo hainipi kitu isipokuwa kelele na koo kukauka, lakini naipenda, na nimeifanya tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kikosi chetu siku zote kilikuwa cha wavulana watupu, hakuna aliyetunga sheria hiyo, ndivyo tulivyokikuta. Basi mwaka huu makao makuu wakaleta agizo kwamba vikosi vyote vipokee wasichana, na mwenzangu ninayesaidiana naye, kinyozi mmoja, akasema yeye kwenye hayo mambo hayumo, ila mimi nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, kwa sababu ya mpwa wangu.

Huyu ni mtoto wa dada yangu, na dada kazi yake iko mbali, kwa hiyo binti anakaa kwangu tangu yuko chekechea. Tangu udogo wake nilikuwa nikitoka Jumamosi naye huyo nyuma, anakwenda kukaa kwenye kizingiti cha stoo yetu inayonuka turubai na mafuta ya taa, anawatazama wavulana wanavyofunga mafundo ya kamba, akirudi nyumbani anafunga miguu ya meza, anafunga vitasa vya milango, siku moja alimfunga mke wangu kwenye kiti kwa fundo ambalo mimi mwenyewe nililihangaikia mpaka chai ikapoa. Kila mara ananiuliza, "Mjomba, na mimi lini?" namwambia, "Tutaona, mama," basi, mwaka unakwenda. Siku nilipomwambia kwamba sasa ruksa, hakupiga kelele wala nini, aliinuka akaenda kuosha vyombo, nikasikia anaimba, yeye ambaye siku zote vyombo huviosha kwa kununa.

Nikajiandaa mshauri, asikudanganye mtu. Choo cha pili pale shuleni nilikitengenezea mlango mpya wenye komeo la ndani, nikatafuta hema lao peke yao, na muuguzi mmoja ambaye binti yake naye alijiandikisha akakubali kuwa anafuatana nasi. Wakaja wasichana sita. Wa mwisho kuletwa alikuwa binti wa mwenye bucha, ambaye kaka yake tayari tulikuwa naye kikosini, na siku ya kiapo alirudi na magoti yamechubuka baba akamsifia kwa kila mteja, na mwenye bucha akanishika bega kwa ule mkono wake wa kuvunjia mifupa, akasema, "Fundi, huyu ndiye binti yangu pekee. Akinirudia hata na mkwaruzo, mimi na wewe tutaonana." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana tatizo lote liko hapo. Kikosi chetu kina kilima nyuma ya machimbo ya mawe, chini kuna chemchemi, juu tumesimika mlingoti wa bendera. Siku ya kiapo skauti mpya anajaza dumu chemchemi, anapanda nalo peke yake hadi juu, haruhusiwi kulitua, akilitua tu anarudi chini kuanza upya, na sisi wengine wote tunakuwa tumekaa kule juu juani tunamsubiri, hakuna mwenye chupa ya maji, hata mimi. Akifika kila mtu anakunywa kikombe kimoja kutoka kwenye maji yake, ndipo anafungwa skafu shingoni. Hakuna hotuba. Ukishawanywesha wenzako, wewe ni mwenzao, na nimewahi kumwona mtoto wa mkurugenzi akirudishwa chini analia kamasi na hakuna aliyemwonea huruma, na leo ni mtu mzima akinikuta njiani jambo la kwanza analotaja ni lile dumu.

Ilipofika zamu ya wasichana usingizi ulinipaa. Nikawaza mgongo, nikawaza mawe yanayoteleza, nikawaza mkono wa mwenye bucha. Basi asubuhi ile nikawaita wavulana pembeni nikawaambia, "Leo tuwaonyeshe dada zenu kwamba sisi ni waungwana, mtawabebea madumu, wao watembee." Mpwa wangu alikuwa ameshainama chemchemini anajaza la kwake, nikamwambia, "Acha mama, leo ninyi ni wageni wetu," akanitazama, akasema, "Mjomba, kweli?" nikamwambia kweli, nikidhani anashukuru.

Wakapanda mikono mitupu. Juu tukanywa maji, nikawafunga skafu, nikasema hongereni, na makofi yaliyopigwa yalikuwa yale ya watu waliochelewa kwenda kula. Mpwa wangu kikombe alikipokea akakimwaga chini taratibu. Tangu siku hiyo wavulana wamewapa wasichana jina jipya, skauti wa kubebewa, na aliyelianzisha ni huyo huyo mtoto wa mwenye bucha, anamwita nalo dada yake wa tumbo moja. Nikawakemea, mmoja akanijibu kwa adabu zote, "Kamanda, si ulisema ni wageni?"

Jumatatu naingia karakana naikuta skafu juu ya benchi langu la kazi, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Jioni nikamuuliza. Akasema, "Mjomba, sikuyabeba yale maji. Na kila mtu kule juu anajua." Basi. Nikamwambia asinivunjie heshima, nikamwambia mambo niliyoyafanya kwa ajili yake, mlango, komeo, hema, akasikiliza yote, akasema, "Asante mjomba," akaenda kulala. Sasa nasikia na wenzake Jumamosi hii wanaleta za kwao, wote sita watakuwa wamekwisha, na kinyozi ameshaanza kunifanyia ule mcheko wake wa si nilisema.

Nyumbani ndiyo usiseme. Tunakaa ghorofa ya tatu, bomba liko chini uani, mpwa wangu ndiye anayepandisha maji asubuhi kabla ya kwenda shule, na hata sasa tulivyonuniana ndoo yangu ya kuoga naikuta mlangoni kama kawaida, imejaa, imefunikwa sahani, adabu hajapunguza hata kidogo, lakini ni shikamoo mjomba na kimya, na hafungi tena mafundo, ile kamba yake aliyokuwa haachani nayo nimeikuta imefungiwa mzigo wa magazeti chakavu. Hilo ndilo lililonimaliza mshauri. Mke wangu nimemuuliza nimekosea wapi, anasema, "Fikiria mwenyewe," anageukia ukutani.

Nifanye nini? Nimkabidhi kinyozi funguo za stoo nipumzike zangu? Niwaandikie makao makuu wasichana watafutiwe kikosi chao wenyewe? Au nimlazimishe huyu mtoto avae skafu, kwa kuwa bado yuko chini ya dari yangu na mimi ndiye mkubwa? Nijibu mshauri, kichwa kimegota.

Ni mimi, Msumeno.

*

Msumeno,

Pole. Naitoa pole hii hapa mwanzoni kabisa na ni ya kweli, kwa sababu huko chini sitakuwa na nafasi nayo.

Wiki hii peke yake nimesoma barua nyingi za watu waliochoka kwa wema wao. Mama mkwe amechoka, bosi amechoka, sasa na wewe. Wote mmefanya mazuri, wote hamkushukuriwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anayemfanyia wema kama anautaka. Na mimi nimechoka, baba. Lakini yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna sentensi umeipitia mbio mbio hujaiona, na mimi nimekwama hapo hapo.

Ndoo.

Umeniandikia kurasa nzima kuhusu mgongo wa mtoto wa kike, kwamba usije ukaumia mlimani. Haya. Na ghorofa tatu? Kila asubuhi ya Mungu binti huyu anapandisha maji ya kukuogesha wewe, mwanamume mzima mwenye mikono ya kupasulia mbao, halafu anakwenda shule. Ule mgongo unaumia kilimani tu? Kwenye ngazi zako hauumii? Siku ile moja ambayo kubeba maji kungempa heshima mbele za watu, ndiyo siku uliyomwonea huruma. Kisha unaniuliza umekosea wapi! Mkeo amegeukia ukutani ili asikucheke usoni, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Sikatai kwamba uliwapenda. Komeo la chooni ni jambo zuri, na viongozi wengi wasingelikumbuka, nakupa hongera yako. Lakini mtoto huyu amekaa kwenye kizingiti cha stoo miaka yote hiyo akiwatazama wengine. Alichokuwa anakitaka ni kuingia. Wewe ukamfungulia mlango, ukamwekea kizingiti kingine huko ndani, ukamkalisha, ukamwita mgeni. Mgeni anakaribishwa vizuri, Msumeno, ila hakuna anayemtegemea kwa lolote. Wavulana wako si wabaya. Wanajua tu kwamba maji waliyokunywa siku ile waliyabeba wenyewe, na mpwa wako anajua, ndiyo maana aliyamwaga. Nimependa alivyoyamwaga. Angekuwa hajali angekunywa.

Sasa maswali yako. Funguo za stoo usimpe kinyozi, huyo anazisubiri kwa hamu na umeshaniambia mcheko wake. Makao makuu usiwaandikie, hawajakukosea kitu. Na kumlazimisha mtoto avae skafu, hebu koma! Alichokurudishia ndicho chenye heshima kuliko vyote alivyowahi kukufanyia, na wewe unataka kukigeuza kuwa adhabu. Anakuambia desturi yenu ina thamani kwake kiasi kwamba hawezi kuivaa ya uongo. Wangapi katika hao wavulana wako wangerudisha?

Mwenye bucha mfuate leo, dukani kwake, wateja wakiwepo au wasiwepo. Mwambie binti yake atapata mkwaruzo. Mwambie waziwazi, kama kaka yake alivyoupata, na kwamba muuguzi atakuwepo na sabuni na bandeji. Asipotaka, amchukue binti sasa hivi kwa heshima, asingoje kukushika bega. Nina hakika atanguruma kisha atakubali, maana huyo kaka mtu alirudi na magoti yamechubuka na yeye akamsifia kwa kila mteja.

Jumamosi kikosi kizima kiende kilimani. Mbele ya wote, kabla wasichana hawajaleta hizo skafu zao, sema umekosea wewe, wala si wao, na useme kwa maneno machache, usianze mambo ya mlango na komeo. Halafu panda juu ukakae juani na wavulana bila maji. Anayetaka kiapo ajaze dumu lake aje. Asiyetaka aende kwao salama. Atakayelitua njiani, mrudishe chini, awe binti wa muuguzi, awe wa mwenye bucha, awe mpwa wako mwenyewe. Moyo utakuuma. Ukuume. Usiteremke kumpokea hata hatua moja, na ukiona mkono wako unataka kwenda, ukalie. Hilo jina la kubebewa litakufa lenyewe siku hiyo, wala hutahitaji kumkemea mtu.

Lakini Jumamosi ni mbali, na mimi sina imani na mtu anayetaka kuombewa msamaha na kilima. Anza nyumbani. Kesho uamke kabla ya binti huyo. Chukua ndoo, teremka hadi uani, simama kwenye foleni ya bomba pamoja na mabinti wa jengo zima. Watakucheka, cheka nao. Jaza mpaka juu, kama anavyojaza yeye, kisha panda ghorofa zote tatu na usiitue kwenye ngazi, hata vidole vikiwaka moto. Ndipo utajua alichokuwa anakuwekea mlangoni. Hayo maji siyo ya kwako, usije ukajisahau ukaenda kuyaoga. Yaweke mlangoni pake, yafunike na sahani, gonga, uondoke zako kimya.

Skafu usimrudishie. Iache pale pale kwenye benchi mpaka Jumamosi uende nayo mfukoni. Na dumu lake likifika juu, utakuwa umekaukiwa koo kuliko wote, kwa hiyo kikombe cha kwanza kunywewa kiwe chako.