Asali Hupigwa, Haipikwi

Mpendwa mdogo wangu Chelangat,

Nisamehe kwa kukaa kimya miaka minne. Kutoka hapa Sosiot hadi kwako Mulot mtu huenda na kurudi siku moja, kwa hiyo siwezi kusingizia umbali, na simu ninayo. Nilinyamaza kwa kiburi. Nimeliandika neno hilo bila kulipunguza. Sasa niruhusu niharakishe, maana nina habari ambayo siwezi kukaa nayo hadi kesho. Pudini ya Mama imeumuka!

Imeumuka, Chelangat. Nilipoutoa mkebe kwenye maji na kufungua kitambaa, niliikuta imepanda hadi ukingoni. Nilikata kipande na kisu kikazama chenyewe. Ndani ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, rangi ya unga wa wimbi, harufu ya asali na ndizi mbivu. Nilikula vipande vitatu nikiwa nimesimama, mimi niliyewafundisha wanangu wote kwamba watu wenye adabu hula wakiwa wameketi.

Unajua ilikotoka. Bibi yetu alijifunza kuipika alipokuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai, na kwa kuwa kwake hakukuwa na zabibu kavu wala sukari, alitia asali, ndizi na unga wa wimbi. Alimfundisha Mama, naye Mama akakufundisha wewe, mkono kwa mkono, kwa sababu ulibaki nyumbani nami nilikuwa shule ya bweni. Likizo moja nilirudi na daftari jipya nikamwambia, "Mama, sema, niandike."

Wewe ulikuwa umeketi karibu na mlango ukimenya ndizi. Mama alisema, "Kwanza asali na samli. Piga." Katika Kikipsigis chetu k na g hukaa kiti kimoja, nami nilikuwa nimerudi na Kiswahili cha shuleni kimenijaa kichwa. Nilimwambia, "Mama, asali haijakukosea, kwa nini uipige? Sema pika." Alicheka hadi akashika ubavu. "Haya, mwalimu. Andika vile unajua."

Nikaandika, kwa wino: pika asali na samli.

Kwa daftari hilo nilipika pudini kila Krismasi tangu Mama alipotuacha, na kila Krismasi ilitoka nzito kama tofali. Nililaumu unga. Nililaumu kuni mbichi na mayai ya kuku wa kisasa. Daftari sikulilaumu hata siku moja.

Krismasi ile ya mwisho uliyokuja, ulisimama kando yangu jikoni, ukaona asali ikichemka, ukasema kwa upole, "Dada, hiyo inapigwa." Nami, mbele ya wake wa kaka zetu, nilikujibu, "Inapikwa, Chelangat. K, si g. Umri huu wote na bado hujui?" Wale wanawake walicheka. Ulifungua leso kiunoni, ukaikunja, ukaiweka juu ya meza. Ulisema maneno mawili tu kabla ya kutoka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa "Basi pika" au "Basi piga."

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi. Mjukuu wangu Chebet, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni, anaolewa. Mchumba wake ni Otieno, ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha chai. Chebet amekataa keki ya dukani. Anataka pudini ya ukoo wake ikatwe siku ya harusi. Alikuja ili tuijaribu. Mwandiko wa daftari umefifia, hivyo nilimsomea kwa sauti, kisha nikageuka kutafuta mkebe. Nilipomtazama tena, alikuwa akichapa bakuli kwa mwiko, jasho linamtoka, na asali na samli zimegeuka nyeupe kama malai.

"Chebet! Unafanya nini?"

"Napiga, Kogo. Si umesema piga?"

"Nimesema pika!"

"Umesema piga." Alipaza sauti kwa mchumba wake, aliyekuwa akipasua kuni nje. "Otieno! Kogo amesema nini?"

"Mimi sitaki maneno kabla ya harusi," alijibu Otieno, ambaye huniita nyanya badala ya Kogo. Shoka lilitua. "Lakini nyanya, umesema piga. Mara mbili."

Mimi, Chelangat! Mimi niliyewasimamisha watoto wa watu ubaoni kwa sababu ya g moja. Nilitaka kumwambia amwage aanze upya. Kisha nikalitazama bakuli lile jeupe, nikakuona wewe ukiwa msichana, bakuli katikati ya magoti, mkono unazunguka na Mama akikuambia, "Bado, bado, haijawa nyeupe." Niliketi. Nilimwambia Chebet, "Endelea kupiga."

Basi ulikuwa unasema kweli, na Mama alisema kweli, na aliyekosea ni aliyeshika kalamu. Naomba unisamehe kwa maneno yale, na kwa kuyasema mbele ya watu.

Kwa kuwa nilikuaibisha mbele ya watu, sikuona haki nikiri kwa barua peke yake. Jana kamati ya harusi ilikutana hapa kwangu. Mwenyekiti ni kaka yetu Kiprono, na pudini ilipotajwa aliuliza, "Ni ile ya kuvunja meno?" Wakacheka wote. Nilisimama nikawaeleza kila kitu, tangu daftari hadi leso uliyoiweka mezani. Wake wa kaka zetu walitazama chini. Niliwaambia pia kwamba Mama alimfundisha mtu mmoja tu, na kwamba pudini ikikubaliwa, msimamizi wa jikoni awe wewe, ikiwa utapenda. Mimi nitamenya ndizi.

Kiprono hakutoa neno la mwisho. Wapo wanaosema wageni wa upande wa bwana harusi watatarajia keki ndefu nyeupe, na wapo wanaouliza nani ataweza kupika mikebe yote hiyo. Watakuja Jumamosi waonje, ndipo waamue. Chebet tayari ameazima mabakuli kwa majirani. Mimi nina wasiwasi na furaha kama mtahiniwa.

Huna haja ya kunijibu kabla ya hapo. Wakishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, iwe ni pudini au keki, na hakuna mtu atakayeisikia habari hiyo kutoka kwangu kabla yako.

Ni mimi, dada yako mkubwa.