Kikapu cha Mama wa Mwenyekiti

Mjukuu wangu Festo, mume wangu wa huko Lundo,

Huku Mbinga baridi imetukalia, ila tumeamka wazima. Mwanangu ameota jino la kwanza, ananing'ata mimi! Dada yangu, bibi yako mkubwa, anauliza kama unakula.

Umeniuliza ufanyeje, maana kikundi chenu cha wakulima kimekuchagua upokee mpunga ghalani, na mjomba wako ameleta wenye unyevu. Mimi ni bibi nisiye na mvi, lakini nina nililoliona nikiwa msichana.

Tulipanga foleni kwenye mashine ya kumenya kahawa. Mwenyekiti wetu wa ushirika alikuwa anawarudisha waliochanganya mbichi na mbivu. Akafika mama yake mzazi. Mwenyekiti akatia mkono kikapuni, akaibuka na kahawa za kijani.

"Shikamoo, mama. Hii haipokelewi."

Mama mzazi, mbele za watu! Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Anajitafutia laana huyu."

"Nimekuzaa mimi," mama yake akasema.

"Ndiyo, mama. Sogea tuchambue."

Akavua koti, akalitandaza chini, akamwaga kahawa, akapiga magoti. Yule wa laana naye akainama kusaidia, akimtania mama wa mwenyekiti: "Macho yako sasa yanachuma hata majani!" Mama yule akacheka.

Mpaka leo nikikumbuka nashtuka. Sikujua mtu anaweza kumkatalia mama yake huku amempigia magoti.

Jua la huko kwenu ziwani la kuanikia mpunga lipo, mume wangu. Mwamkie mjomba, kisha shika mkeka upande mmoja.

Bibi yako mdogo,
Mama Neema