Dirisha la Deus

Kaliua, 4 Juni 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Hapa tu wazima, Advera na watoto wanakusalimu, kikohozi cha mdogo kimekwisha. Magoti yako je? Ile dawa ya kuchua inasaidia?

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hatusikilizani, nikisema hili unanijibu kuhusu mahindi. Nimesikia wezi wameingia kwa mama Asnath hapo jirani, wamebeba televisheni na mtungi wa gesi naye amelala humohumo. Sina amani. Nimeongea na fundi Adriano, atakuja kupima madirisha yote matano aweke nondo. Ukitaka zenye maua, sema. Ukitaka za mistari mitupu, sema. Mbao za mninga alizotengeneza marehemu baba zitabaki kwa nje. Chagua mwenyewe, ila uchague upesi.

Mwanao, Amon

Isevya, 15 Juni 2023

Mwanangu Amon,

Marahaba. Milele na milele, amina. Magoti yapo, kila nikipiga goti kanisani yananikumbusha umri. Dawa imeisha, ilinukia vizuri kuliko ilivyotibu.

Fundi amekuja na futi yake. Nimechagua za mistari, maua niliyonayo uani yananitosha. Aweke nne. Dirisha la chumba cha mdogo wako Deus asiliguse. Fundi alianza kunibishia, nikampa uji akanyamaza.

Treni ya Mpanda ikipita hapo kwenu, bado unaenda stesheni kumwangalia Deus?

Mama yako, Tekla

Kaliua, 27 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Sisi salama.

Naenda kila nikipata nafasi kazini. Sijamwona. Lakini mama, ukiweka nondo madirisha manne ukaacha moja, umefanya nini? Mwizi ataingia kwa hilohilo. Adriano anasema mbao zake hata komeo hazina. Deus yuko machimboni miaka mitatu sasa, ni mtu mzima, akirudi ataingia mlangoni kama watu wengine. Nimekasirika, na zaidi ya hasira ninaogopa. Wakikuumiza nitajilaumu mpaka nife.

Mwanao, Amon

Isevya, 9 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba. Safari hii umeniandikia kwa hasira, hata magoti umesahau kuyauliza. Hayajambo.

Wewe ulikuwa umeshaoa, mengine hukuyaona. Baba yenu akimaliza rozari alifunga mlango, ufunguo akauweka chini ya mto, aliye nje alale nje. Deus alikuwa mtu wa kuchelewa. Basi mimi nilienda chumbani kwake kama ninayekunja nguo, nikalegeza komeo la dirisha. Asubuhi baba yenu anamkuta kitandani, anauliza huyu kapita wapi, nami nachambua mchele wangu. Mtoto yule hakuwahi kugonga mlango wa nyumba hii.

Siku anaondoka walikuwa wamegombana. Baba yenu alimwambia hapa huna mlango. Nilimsindikiza stesheni. Kabla hajapanda treni akaniambia, mama, dirisha usilifunge. Nikasema sitalifunga. Niliporudi nikaling'oa komeo kabisa, nisije nikasahau.

Akija akakuta chuma atajua na mimi nimemkataa. Hatabisha hodi, atageuka aondoke. Namjua, nimemzaa. Wezi waje, wachukue redio.

Mama yako, Tekla

Kaliua, 2 Agosti 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi. Mimi na Advera tutafuata kesho kwa treni. Tunakuja na mgeni, anaitwa Revocatus, jana ameshuka kwenye treni ya Mpanda. Alikuwa machimboni na Deus. Naomba mama Asnath aje alale kwako leo. Mama, naomba sana asikuache peke yako.

Mwanao, Amon

Isevya, 27 Agosti 2023

Mwanangu Amon,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Advera amepumzika, alipika sana kwenye matanga. Magoti yananiuma na sijali.

Padri amemsomea misa, watu wamekuja, chai imenyweka. Kaburi tu ndilo hatukuwa nalo. Namwaza Revocatus alivyokaa pale mkekani akitazama mikono yake, akieleza shimo lilivyomfukia Deus na wenzake masika ya mwaka juzi na wao waliosalia juu wakachimba mpaka wakakatazwa. Mwaka juzi, Amon. Mimi na wewe tunabishana kuhusu nondo, mwenzetu ameshalala chini kitambo. Na baba yenu, aliyekufa Krismasi iliyopita akikataa kumtaja, alikuwa amemkasirikia marehemu. Hilo ndilo linaloniliza zaidi.

Adriano nilimwita mwenyewe. Alipomaliza nikamwomba arudishe na komeo. Uji nilimpa, safari hii hakuumaliza.

Jana nikiwa nimemaliza rozari miguu ilinipeleka chumbani kwake, kama kila siku, kuhakikisha ubao unasukumika. Mkono ukakutana na chuma. Nikasimama pale nimekishika, nikamwambia Deus, baba, sikukufungia mimi.

Nyumba yote ina nondo sasa, usiwe na wasiwasi na mimi. Na treni ya Mpanda ikipita, wewe endelea na kazi zako.

Mama yenu, Tekla