Losheni Uliyoikoroga Mwenyewe

Mama,

Watu wa viwango wamebadilisha sheria tena. Ungekuwepo ungeketi kwanza, ulegeze kitambaa cha kichwa, useme, "Haya, safari hii wanataka nini?" Mimi siku hizi hata kuketi sikumbuki. Nachoka nikiwa nimesimama.

Safari hii ni kile kihifadhi tulichokuwa tukitia ili losheni isiote kuvu. Kumbe kuna watu kinawachubua ngozi, na sasa hakiruhusiwi kwenye kitu chochote kinachopakwa na kuachwa mwilini. Tulielezwa hayo kwenye mkutano wa watengenezaji mjini Kisii. Nilikaa pale nikikumbuka tulivyoambiwa tuiache ile rangi ya waridi tuliyokuwa tukitia, halafu tukaambiwa tuondoe neno "hutibu" kwenye lebo. Hukununa. Lebo za zamani ulizibandua mwenyewe jikoni kwa maji moto, ukiimba nyimbo za Sabato.

Hili limeniuma zaidi, Mama, kwa sababu katoni zilizobaki stoo hapa Ikonge zilikuwa za mkono wako. Ni zile ulizokoroga ukiwa umeshaanza kuishiwa nguvu, umekaa kwenye kigoda, mimi nimekushikia sufuria. Baada ya mazishi sikuwa na moyo wa kuzigusa. Nilikuwa nafungua mlango wa stoo, nanusa mchaichai, nafunga.

Onsongo alitaka tuziuze. Unamjua mwanao. "Tupeleke Ekerenyo siku ya soko," akasema. "Watu wanaijua losheni ya Mama. Nani amewahi kulalamika?"

Nikamwambia hakuna. "Lakini wa kwanza akiwa mtoto mchanga, utamwambia nini mama yake?"

Akasema nakuzika mara ya pili. Neno hilo, Mama... Siku nyingi nilikuwa nampikia, namwekea chakula mezani, naenda kuchuma chai kabla hajaja kula.

Siku ya kuzipeleka kuteketezwa alitokea bila kuitwa. Akaanza kubeba katoni moja moja hadi kwenye pikapu, taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Afisa wa viwango aliyezipokea alikuwa mama wa makamo, mpole. Alipoona nimeishika chupa moja na siiachii, alinisubiri. Niliifungua, nikanusa, nikampa. Onsongo alikuwa amegeuka upande wa barabara. Nilijua analia, nikamwacha.

Usidhani basi mambo yakawa rahisi. Kihifadhi kipya hakikupatana na mafuta yetu ya avokado. Losheni ya kwanza ilikatika, maji huku, mafuta kule. Ya pili pia. Nilikuwa naosha masufuria nikijiambia nibaki tu na chai na ndizi kama wengine. Onsongo ndiye aliyesema tupunguze moto na tukoroge polepole zaidi. Ikashika. Tukaipeleka kupimwa maabara, tukasubiri, ikapita. Sikufurahi, Mama. Nililala tu.

Nilipoipeleka dukani Masimba, wa kwanza kuja alikuwa Bibi Kerubo, yule mteja wako wa miguu iliyopasuka. Alipaka kidogo kwenye kiganja, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hii si ya mama yako."

Nikaanza kumweleza habari za sheria na ngozi za watoto. Alinikatiza.

"Mwanangu, sijasema ni mbaya. Nasema si yake. Usiniuzie kwa jina la marehemu. Niambie ni yako, nitanunua."

Nimekuwa nikijificha nyuma ya jina lako tangu ulipoondoka, na sikujua hata kama kuna anayeona. Nikamwambia, "Ni yangu, Bibi." Sauti ilitoka ndogo. Alichukua mbili.

Lebo mpya zinachapishwa. Zina jina langu. Onsongo aliangalia sampuli, akasema herufi ziwe kubwa kidogo.

Watabadilisha tena, najua, na nitachoka tena. Lakini nakuahidi hili: haitatoka hapa chupa ambayo mimi mwenyewe singempaka mtoto niliyemzaa. Na wakisema hiki kitolewe, nitakitoa, hata kiwe ndicho nilichokipenda zaidi.

Pumzika sasa, Mama. Mikono yako ilifanya kazi ya kutosha.

Binti yako,
Kwamboka