Saa ya Gari Haijaharibika

Kaka Metito,

Chai iko kwa chupa. Mimi na mama tumetangulia kanisani. Ukitoka, fungia mbwa.

Kilichonifungua macho kwanza ni redio ya jikoni. Kila ikisema saa moja asubuhi, saa ya gari inaonyesha 1:00. Wewe husema saa hiyo bado iko Japani, gari lilikotoka. Unatoa sita upate 7:00, halafu unatutangazia, "Ni saa moja." Miezi yote hii nimekaa kiti cha nyuma nikisikiliza hesabu hiyo.

Leo nikipanguza gari vumbi la barabara ya Mashuuru, niliwasha ile skrini uliyonikataza kuigusa. Maandishi ya Kijapani siyajui. Wewe pia huyajui, kwa hivyo hapo tuko sawa. Nilifuata picha ya jua, nikapunguza mwanga unaomuumiza mama macho usiku. Saa nayo nikaanza kuisogeza iwe 7:00. Mama akaniuliza, "Naipanoi, mbona unaiharibu? Hiyo mimi huisoma vizuri, moja ni saa moja." Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Nimeirudisha vile ilikuwa. Usiiguse.

Jana njiani ulisema mambo ya gari niwaachie wenye gari. Iliniuma. Leo haiumi.

Kuna jambo sijawahi kulitoa mdomoni, acha niliandike. Nataka unifundishe kuendesha. Tuanze Jumamosi ~~ukipata nafasi~~ saa mbili asubuhi, kwa saa ya gari.

Dada yako mdogo,
Naipanoi