Nilipiga Marufuku Viatu vya Wazi, Sasa Miguu Yangu Inavitaka

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, na naomba pia usicheke mpaka nimalize, maana nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga kwa ufunguo, viatu viko chini ya meza na miguu yangu nimeipandisha juu ya katoni la chaki.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nina miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na moja niliyokalia kiti hiki nimejulikana kwa viatu vyangu vyeusi, vyenye ncha mbele na kisigino kirefu, ambavyo vikigonga sakafu ya korido vinalia ko, ko, ko, na madarasa yote yananyamaza kabla hata sijafika, ndiyo maana wanafunzi wameniita Mama Koko, wanadhani sijui, kumbe najua na moyoni nalipenda sana jina hilo.

Sasa mwaka juzi daktari aliniambia nina baridi yabisi, nikakubali vidonge, nikakubali na mazoezi ya vidole vya mikono, lakini alipofika kwenye miguu akasema nibadilishe viatu nikajifanya sikusikia, na tangu hapo ule mfupa wa pembeni ya kidole gumba umetokeza miguu yote miwili kama kitunguu, kidole chenyewe kimemlalia mwenzake, na asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani hadi bafuni natembea kama mtu anayekanyaga changarawe. Kuvaa viatu ni vita, na nikishavivaa machozi yananilengalenga.

Utauliza kwa nini sivai viatu vya wazi. Siwezi, Mshauri, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliandika sheria, na ipo pale langoni kwa rangi nyekundu, kwamba mwalimu wala mwanafunzi haruhusiwi kuingia na viatu vya wazi, na nimeisimamia bila huruma, hata muhula uliopita mwalimu wa darasa la pili alikuja na sandali, miguu imemvimba, akaniambia, "Mwalimu Mkuu, naomba leo tu, miguu inaniwaka moto," nami nikamjibu mbele ya wenzake, "Miguu ni yako, shule ni ya wote," nikamrudisha nyumbani kubadilisha, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya mdomoni tu.

Kilichonimaliza kabisa ni cha wiki iliyopita. Mkaguzi aliingia bila taarifa nikiwa nimevua, kiatu cha kushoto kikakubali, cha kulia kikakataa katakata, naye akasema, "Haya Mwalimu Mkuu, twende tukaone madarasa," nikabaki nimekaa, nikamwambia siku hizi shule yetu inakaguliwa kupitia madaftari, nikaagiza madaftari, yakaja mia tatu, akayapitia saa mbili nzima huku mimi natabasamu na kupambana na kiatu kule chini, mpaka kikanichoropoka kikatokea upande wake wa meza. Alikiokota, akakitazama, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Mume wangu ni seremala, na ndiye anayenivua viatu jioni nikifika nyumbani, na juzi alinishika mguu akasema, "Mke wangu, ubao ukishapinda mimi siupigi nyundo ili unyooke. Naupimia nafasi yake." Nilimnunia mpaka chakula kikapoa.

Nimeshaandika barua ya kujiuzulu, imo kwenye droo, nimesema naacha kazi kwa sababu za kifamilia. Naipenda kazi hii, Mshauri, nikifikiria asubuhi zisizo na kelele za wale watoto nalia kweli, lakini naona afadhali niondoke na heshima yangu kuliko nipite pale langoni na sandali, chini ya maandishi yangu mwenyewe, shule nzima inikodolee macho vidoleni. Je, niipeleke?

Ni mimi, Mama Koko

MSHAURI ANAJIBU:

Mama Koko, pole. Pole ya kweli, maana baridi yabisi haina mzaha na anayeijua ni yule anayeamka nayo. Ila kucheka nimecheka, nisikufiche. Nilipofika kwenye madaftari mia tatu ilibidi nivue miwani. Na huyo mkaguzi, mama yake alimlea.

Sasa pole imekwisha, tuongee.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umepata bahati, kimekuumbua kiatu. Miaka miwili unakwenda kwa daktari na kumwonyesha mikono tu, kama vile miguu uliiazima. Wiki hii rudi kwake, keti, vua vyote viwili. Mweleze hizo hatua za changarawe za asubuhi, ili aone kama vidonge unavyomeza vinatosha. Usijiongezee dozi, usiazime vidonge vya jirani, na usithubutu kupeleka wembe kwenye hicho kinundu, kwa sababu kile ni mfupa, si sugu. Ukiona pamekuwa pekundu, pana joto au pamechubuka, usisubiri siku ya miadi.

Halafu viatu. Mtu huenda dukani asubuhi, miguu ikiwa bado na adabu, akanunua kiatu, jioni akashangaa. Wewe pima jioni, miguu ikiwa imechoka. Simama wima juu ya karatasi, umwombe mumeo aizungushie miguu penseli, kazi hiyo anaiweza kuliko muuza viatu yeyote. Na ukiwa umesimama hapo, umwombe na msamaha, maana alikuambia ukweli kwa upole nawe ukamlipa kwa kununa. Karatasi hiyo ikate kwa kufuata mstari wa penseli, nenda nayo dukani uiweke chini ya kiatu. Karatasi ikichungulia pembeni, kiatu kirudi rafuni, hata kiwe kizuri namna gani. Tafuta kipana mbele, laini juu, kisicho na mshono unaopita kwenye kinundu, kisigino kifupi, na mkanda unaoweza kuulegeza mchana miguu ikivimba. Muuzaji akikuambia "kitatanuka tu, mama", mshukuru, toka nje.

Unaogopa kupoteza mlio wako. Mwalimu mzima! Miaka kumi na moja umekuwa ukiwapigia watundu kengele ya kuwaonya kwamba unakuja. Vaa viatu vya kimya wiki moja tu, uone utakayoyakuta huko madarasani.

Nimekuja sasa kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo lililoniuma. Yule mwalimu wa darasa la pili alikuomba siku moja, moja tu, na ukamjibu vile. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Usimwite ofisini. Mfuate wewe, na kwa kuwa ulimwaibisha mbele ya wenzake, mwombe radhi mbele ya wenzake hao hao. Usilete habari za miguu yako kwanza, sema tu kwamba ulikosea. Kisha muulize miguu yake inaendeleaje, maana kuvimba kwa miguu kuna sababu nyingi, na yeye pia anahitaji daktari. Huenda akakujibu kwa ubaridi. Pokea, umeyataka.

Ukishamalizana naye, waite walimu mkae muiandike upya sheria ya langoni. Kiatu kiwe safi na kisimwangushe mtu. Kinachobaki ni ngozi na mapambo, na mapambo hayajawahi kumfundisha mtoto kujumlisha. Sheria ni msumeno, Mama Koko, na wewe umekatwa nao vizuri. Usione haya kuupunguza meno.

Na hiyo barua iliyo kwenye droo ni ya uongo. Familia yako haijakufukuza kazi, familia yako inakuvua viatu. Itoe, futa hizo sababu za kifamilia, na uandike ukweli: "Naiacha shule ninayoipenda kwa sababu sitaki watoto wa darasa la kwanza waone vidole vyangu vya miguu." Kisha simama uisome kwa sauti. Ukifika mwisho bila kucheka, ipeleke.