Mvule wa Popo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimefagia njia ya msituni mpaka kwenye mvule. Mtupu. Popo wameondoka, wamefuata matunda kwingine. Watarudi Oktoba kama kila mwaka. Huu mwaka wa kumi na moja nawahesabu. Kufika nyumbani naambiwa kamati ya msitu imemchagua mwenzetu Time awaoneshe watu wa chuo miti ya kubaki. Time! Kaingia kwenye kamati mwaka jana tu. Wali wangu nimewamwagia kuku.

Jumamosi, 9 Agosti
Chuo kinajenga dakhalia ya wasichana kulala, pembeni mwa msitu. Sipingi. Binti yangu Raya anasoma pale na kapanga chumba Mgogoni, mbali na chuo. Anarudi magharibi peke yake, moyo wangu hautulii. Jengo wakilisogeza kidogo tu, miti mikubwa itapona. Leo Time kapita na buti mpya na kofia ya chuo, akanipungia mkono. Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Jumanne, 12 Agosti
Time anapaka miti rangi. Nyeupe unabaki, nyekundu unakatwa. Mvule kaupaka nyekundu. Katazama juu, kaona hakuna kitu. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake na ufagio wangu. Neno moja lingetosha. Lakini si yeye mjuzi? Popo wakirudi aibu itakuwa yake, na watu watajua nani anaujua msitu. Nikaendelea kufagia.

Jumatano, 13 Agosti
Nitasema kesho.

Jumatatu, 18 Agosti
Sikusema. Misumeno imeingia asubuhi. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikausikia mvule ukianguka. Nikaendelea kukuna mpaka nikajikata kidole.

Jumapili, 5 Oktoba
Wamerudi. Asubuhi nzima wamezunguka juu ya msingi wa dakhalia wakipiga kelele. Mafundi wameacha kazi, wanawatazama. Nilingoja Time aulizwe. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyejua popo hao walikuwa wakilala wapi, ila mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Wametua kwenye mti wa mkungu nyuma ya nyumba ya Time. Hata popo! Wanafunzi wanakwenda kuwapiga picha, naye anawapikia chai ya mdalasini. Raya naye kaenda, karudi anamsifu. Nimetamani kuupiga mawe mkungu ule.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya Alasiri Time kaja mwenyewe, kavua viatu mlangoni.
"Nifunze kuwahesabu, dada. Miye sijui kitu, wewe ndo mwenyewe wao."
Tumekaa uani kwake kungoja waruke kwenda kula. Nimemwonesha: kila kumi wakipita, kokoto moja kwenye kopo. Kopo ni langu, la siku zote. Mwaka jana lilijaa hadi juu. Leo kokoto hazikufunika hata kitako chake.
Time kalichungulia, kafurahi. Kaniuliza kama ni wengi.
Nimemwambia ni wengi.